Kwa mpwa wangu, kuhusu gesi, umeme na magari yajayo

Tabata, Dar es Salaam

Mpwa wangu mpendwa,

  Bibi yako magoti bado yanamsumbua, ila anakula vizuri na kila jioni anauliza kama umepiga simu. Mama yako alinisomea ujumbe wako nikiwa gereji, mikono imejaa grisi, nikamwambia swali kama hili halijibiwi kwa meseji. Ndiyo maana leo nimekaa kukuandikia.

Hongera sana kwa diploma, mwanangu. Unasema sasa una njia mbili: kuja Dar kusomea kufunga mfumo wa gesi, kozi ya miezi mitatu tu na kazi zipo, au kurudi darasani mwaka mwingine usomee magari ya umeme. Wenzako nao wanakuambia yote hayo yatapitwa na wakati, kwamba gari la kesho ni la haidrojeni. Umeona bora umuulize mjomba wako, anayeshinda amejikunja ndani ya buti za magari akifunga mitungi ya gesi.

Kasomee umeme. Hilo ndilo jibu langu. Ila ningependa ulipokee pamoja na hesabu zake, maana katika kazi hii utakutana na watu wengi watakaokuvuta huku na huku, na fundi mwenye hesabu kichwani hayumbishwi.

Nianze na gesi, kwa kuwa ndiyo inayonilisha. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikakaa chini ya ardhi miaka 30 mpaka bomba lilipoifikisha Ubungo mwaka 2004. Bomba kubwa la kutoka Mtwara likakamilika 2015. Kwa matumizi ya magari, gesi hii haigeuzwi kuwa kimiminika kama ile ya kupikia. Inashindiliwa kwenye mtungi wa chuma kwa presha ya bar 200, yaani mara 200 ya presha ya hewa inayotuzunguka. Mtungi wa lita 60 unabeba kama kilo 10 za gesi, na wenyewe ukiwa mtupu ni mzigo wa wanaume wawili.

Gari likifika, mtungi tunaulaza kwenye buti juu ya fremu inayofungwa kwa bolti mpaka kwenye bodi, kisha bomba jembamba la chuma linapitishwa chini ya gari hadi kwenye injini. Mbele kuna regyuleta, na hapo ndipo nataka uangalie vizuri siku utakayokuja. Gesi inapotoka kwenye bar 200 na kushuka ghafla hadi bar chache, inapoa kiasi cha kuweza kuigandisha regyuleta yenyewe. Kwa hiyo tunachepusha maji ya moto ya injini yapite humo yaipashe. Ndiyo sababu gari la gesi huanza kuwaka kwa petroli, na likishapata joto linahamia gesi lenyewe. Fundi akiunga mipira ile ya maji kwa haraka haraka, gari litamzimikia mteja kwenye foleni ya Ubungo, na mteja ataapa kwamba gesi haifai, ilhali gesi haina kosa. Nikishamaliza kufunga, napaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, naweka presha, nakaa nalitazama. Kipovu kimoja kikichomoza nafungua kiungo na kuanza upya, hata kama mteja amesimama na funguo mkononi.

Kuna watu wanaona huko ni kujichelewesha. Mimi sioni hivyo. Gesi hii ni methani, nyepesi kuliko hewa, ikivuja nje inapanda na kutawanyika, tofauti na ile ya kupikia ambayo ni nzito na hutuama chini. (Ukiletewa gari linalotumia gesi ya kupikia, usiliweke kamwe juu ya shimo la fundi.) Lakini methani iliyopanda angani bila kuungua hunasa joto zaidi ya mara 80 ya hewa ya ukaa, ukipima kwa kipindi cha miaka 20. Gari la gesi hutoa hewa ya ukaa pungufu kwa karibu robo kuliko la petroli, na moshi wake hauna masizi. Faida hiyo tunaweza kuipoteza yote kwenye viungo vilivyolegea.

Sasa fedha. Chukua taksi ndogo inayokula lita 8 za petroli kwa kilomita 100 za mjini. Tukiweka petroli shilingi 2,900 kwa lita, hiyo ni 23,200. Gari hilo hilo likitumia gesi litakula kama kilo 6, na kwa bei ya shilingi 1,550 kwa kilo tuliyoizoea hapa Dar, ni 9,300. Tofauti ni karibu shilingi 14,000 kwa kila kilomita 100. Mfumo ukigharimu milioni 2, dereva anayezunguka kilomita 150 kwa siku anairudisha fedha yake ndani ya miezi mitatu na kitu. Kuna madereva walioniletea gari wakiwa na madeni shingoni, na baada ya miezi sita wakarudi kunilipia gari la pili. Nisingekuwa mkweli kwako kama ningeidharau gesi.

Lakini nenda usiku kwenye kituo cha gesi. Utakuta bajaji zimejipanga mpaka barabarani, madereva wamelala kwenye viti vya abiria, miguu nje, simu kifuani, wakisubiri zamu. Dereva anaokoa fedha ya mafuta na kuipoteza kwenye saa alizokaa bila abiria. Vituo vimeongezeka, magari nayo yanaongezeka kwa kasi kuliko vituo. Kompresa inayoshindilia gesi nayo inahitaji umeme. Umeme ukikatika, foleni nzima inasimama, na hapo unaanza kuona kwamba hata sisi wa gesi tuko kwenye waya bila kujijua. Kwa upande wako kuna jambo jingine tena: gesi inafuata bomba, na bomba halijafika huko Arusha uliko.

Twende kwenye umeme na gari la ukubwa ule ule. Lita moja ya petroli ina nishati karibu uniti 9, uniti hizi hizi za umeme tunazonunua kwa LUKU. Lita 8 basi ni kama uniti 70. Kati ya hizo, injini inapeleka kwenye magurudumu robo tu au chini yake katika foleni za mjini. Zilizobaki zinatoka kama joto kwenye ekzosi na rejeta. Shika boneti ya daladala iliyotoka Gongo la Mboto saa saba mchana, utagusa fedha ya mwenye gari ikipaa. Gari dogo la umeme linahitaji kama uniti 15 kwa kilomita 100. Ongeza zinazopotea wakati wa kuchaji, tuseme 17. Kwa karibu shilingi 360 kwa uniti, ambayo ndiyo bei wengi wetu tunalipa majumbani pamoja na kodi, ni shilingi 6,120. Weka pembeni ya 9,300 za gesi na 23,200 za petroli.

Mtu atakuambia: umeme wenyewe unazalishwa kwa gesi, kwa hiyo ni yale yale. Hapa naomba utulie, maana hili ndilo lililonifanya niamue nikushauri hivi. Mtambo wa Kinyerezi II, wenye megawati 240, unachoma gesi mara moja na kuitumia mara mbili: inazungusha tabo ya kwanza, kisha joto linalotoka humo linachemsha maji, na mvuke wake unazungusha tabo nyingine. Mitambo ya namna hiyo hugeuza karibu nusu ya nishati ya gesi kuwa umeme. Zile kilo 6 zilizomfikisha dereva wetu kilomita 100 zina nishati kama uniti 80. Zipeleke kwenye mtambo wa aina ile, utapata umeme wa karibu uniti 38. Toa zinazopotea kwenye nyaya njiani, zinabaki 32. Gari la umeme linakwenda nazo zaidi ya kilomita 180. Gesi ni ile ile ya Songo Songo, ila kwa kupita kwenye waya imekupeleka karibu mara mbili ya ilivyokupeleka kwenye mtungi ninaoufunga mimi. Nimezirudia hesabu hizi kwenye karatasi mbele ya mafundi wenzangu, wakatafuta mahali pa kunikosoa hawakupaona.

Tena siku hizi umeme wetu hautegemei gesi peke yake. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla 2,115. Unakumbuka mgao wa mwishoni mwa 2023, mama yako alivyotupa nyama yote ya friji? Mashine ya kwanza ilipowashwa mapema 2024, mvua nazo zikajaza mabwawa, Machi ya mwaka huo huo vituo kadhaa vya maji vikazimwa kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Saa nane za usiku nchi imelala na maji yako bwawani. Gari linalochajiwa saa hizo ni mteja ambaye shirika la umeme halijawahi kuwa naye. Siwezi kukuficha kwamba transfoma za mitaani kwetu zinalemewa hata na pasi na majiko ya jioni, na kabla mtaa mzima haujaanza kuchaji magari, nyaya na transfoma hizo lazima zibadilishwe. Hiyo ni kazi kubwa na ya gharama. Kwa mwenye ujuzi kama utakaoupata, ni kazi ya maisha.

Majirani wameanza. Wakenya wanapata karibu sehemu 9 kati ya 10 za umeme wao kutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, na mvuke wa Olkaria wameutumia tangu 1981. Pale Nairobi, bodaboda wa umeme anaingia kituoni, anachomoa betri iliyoisha, anachomeka iliyojaa, anaondoka kabla wa petroli hajarudishiwa chenji. Kigali wamefanya hivyo hivyo. Ethiopia walichukua hatua ambayo hakuna nchi iliyokuwa imeichukua: mapema 2024 walipiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli, kwa sababu umeme wa maji wanao na fedha za kigeni za kununulia mafuta hawana. Uamuzi huo umewaumiza baadhi ya watu, maana vituo vya kuchajia na mafundi bado ni wachache. Lakini sababu yao ni ile ile inayotukaba sisi: kila meli ya mafuta inayotia nanga Dar inalipwa kwa dola, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunasubiri EWURA, wasimamizi wa nishati, watangaze bei ya mafuta ambayo chanzo chake kiko mbali na sisi.

Kuhusu haidrojeni, waambie wenzako hivi. Karibu yote inayotumika duniani leo inatengenezwa kwa gesi asilia na makaa ya mawe, na moshi wake unatokea kiwandani badala ya kwenye gari. Ukitaka iliyo safi, unapitisha umeme kwenye maji, na kilo moja inakula uniti 50 au zaidi, kabla hujaishindilia kwa presha ya bar 700 ili iingie kwenye tangi la gari. Kilo hiyo moja inalipeleka gari kama Toyota Mirai, lililoanza kuuzwa 2014, kilomita 100 na ziada kidogo. Gari la betri limekwenda mwendo huo kwa uniti 17. Kuigeuza nishati kutoka umeme kuwa haidrojeni, kisha kuwa umeme tena ndani ya gari, ni kuteka maji kwa ndoo inayovuja wakati bomba liko uani. Hata kule California, walikokuwa na vituo vingi kuliko sehemu nyingine za Marekani, kampuni ya Shell ilifunga mwaka 2024 vituo vyake vya haidrojeni vya magari madogo. Haidrojeni ina kazi zake, kwenye mbolea, kwenye kuyeyusha chuma, pengine na kwenye meli. Kwa taksi ya Kariakoo siioni, na sitaki uutumie ujana wako kuisubiri.

Hili linalofuata linanigusa moyoni: mafuta ya mimea. Wazo ni la zamani. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ya aina ya Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Brazil nao, bei ya mafuta ilipowabana, walianzisha mwaka 1975 mpango wa taifa wa kutengeneza ethanoli ya miwa, na tangu 2003 magari yao mengi yanakunywa petroli au ethanoli au vyote viwili, kompyuta ya gari inapima na kujirekebisha. Malawi wanachanganya ethanoli ya molasi kwenye petroli tangu 1982. Mabaki ya kiwanda cha sukari yakigeuzwa kuwa mafuta sina ugomvi nayo hata kidogo.

Ugomvi wangu ni na shamba. Wewe ulikuwa mdogo sana, huwezi kukumbuka mbono kaburi. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 walikuja wawekezaji wakisema mmea ule, ambao wazee wetu waliupanda makaburini na kwenye mipaka, utaota kwenye ardhi kavu isiyofaa kwa chochote na kutoa dizeli ya dunia nzima. Kule Kisarawe kampuni ya Kiingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 za vijiji. Wanavijiji walitoa ardhi yao wakiahidiwa ajira, visima, zahanati na shule. Mbono ukaota, ndiyo, lakini mbegu hazikuja kwa wingi ulioahidiwa, kwa sababu mmea unaovumilia ukame hauzai sana kwenye ukame. Mwaka 2011 kampuni ikafilisika. Watu wakabaki bila kazi, na ardhi waliyokuwa wakilima, kukata kuni na kuchota maji ikawa kwenye mikono ya wengine kwa hati. Mtu yeyote akija kukuambia kuhusu mafuta mapya, muulize yanahitaji ardhi ya nani.

Na ardhi hiyo ingetupa nini? Hekta moja ya miwa kule Brazil, wanaojua kilimo hiki kuliko wote, inatoa lita 6,000 hadi 7,000 za ethanoli kwa mwaka, na lita ya ethanoli ina theluthi mbili tu ya nguvu ya petroli. Ukizipiga hesabu, gari dogo litakwenda nazo kilomita kama 55,000. Hekta hiyo hiyo ukiitandika paneli za jua, umeme wake kwa mwaka utaendesha magari ya umeme kilomita milioni kadhaa. Tena paneli unaweza kuziweka juu ya mapaa ya maghala, bila kumwondoa mtu shambani.

Umeme nao una ardhi yake na watu wake, sitaki uingie ukiwa umefumba macho. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, sehemu za Kolwezi na Lubumbashi, kwa watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Wapo wanaoshuka kwenye mashimo ya kuchimba kwa mikono, bila kofia wala mbao za kuzuia udongo, watoto wakiwa miongoni mwao. Kinachonipa moyo ni kwamba betri nyingi mpya sasa, hasa za Kichina, zinatengenezwa kwa lithiamu, chuma na fosfati, hazina kobalti wala nikeli ndani yake. Ni nzito kidogo lakini zinadumu na hazishiki moto kirahisi. Nasi tuna grafaiti kule Mahenge na nikeli kule Kabanga, Ngara. Kama tutaiuza kama mchanga au tutaisafisha hapa hapa ni uamuzi ambao kizazi chako kitabidi kiupiganie, na mtu anayejua betri inavyofanya kazi ndiye atakayesikilizwa.

Bei ya betri nayo inashuka. Mwaka 2010 betri ya gari iligharimu zaidi ya dola 1,000 kwa kila uniti moja inayoweza kuhifadhi. Mwaka 2024 wastani ulikuwa kama dola 115. Mwaka huo magari ya umeme zaidi ya milioni 17 yaliuzwa duniani, gari moja katika kila matano mapya. Hayo bado hayafiki Tabata, kwa sababu sisi tunanunua yaliyotumika Japani, na Wajapani wenyewe wameenda polepole kwenye umeme wa betri. Walichokipenda wao ni haibridi, gari lenye injini na mota pamoja, tangu Prius ya 1997. Aqua zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2011 sasa tunaziona barabarani kwetu. Kila mwaka zitaongezeka, kisha zitafuata za betri tupu. Gari litakaloshushwa bandarini Dar mwaka 2035 linaundwa miaka hii tuliyomo, na huenda ndani yake likawa na mota, inveta na betri ya volti nyingi.

Hapo ndipo kwenye upungufu. Mafundi wa gesi hapa mjini tumeshakuwa wengi. Wa kufungua betri ya haibridi, kupima seli moja moja, kujua ipi imechoka na kuibadilisha bila kubadilisha betri nzima, ni wa kuhesabu. Wateja wanaambiwa "betri imekufa, nunua nyingine" kwa mamilioni, na mara nyingi ni seli mbili tatu tu zilizochoka. Utakuwa umewaondolea watu mzigo mkubwa.

Kwa hiyo unapochagua chuo, kabla hujalipa chochote, omba uoneshwe karakana. Ukikuta mchoro wa gari la umeme ukutani na hakuna gari, ondoka. Uliza kama wanafunzi wanafungua betri halisi. Uliza kuhusu glavu za mpira za volti 1,000, na kama wanazipuliza na kuzikagua tundu kabla ya kila kazi. Nyaya za rangi ya chungwa ndani ya gari hazishikwi mpaka plagi ya usalama imechomolewa, dakika kumi zimepita ili kapasita ziishiwe chaji, na umepima kwa mita yako mwenyewe ukaona sifuri. Mwalimu asiyekukaririsha sheria hiyo mpaka ikuchoshe hafai. Petroli inanuka, gesi tumeitia harufu ili ikuonye. Umeme haunuki.

Baba yako naye aliniuliza kuhusu Noah yake ya biashara. Mwambie afunge gesi tu, tena mwezi huu. Yeye anaendesha Mbagala na Kariakoo, kituo kiko njiani, na gari lile limebakisha miaka mitano sita ya kufanya kazi. Itamlipa vizuri. Asinunue kwanza gari la umeme lililotumika ambalo hajui betri yake imeishi wapi. Akikutana na Nissan Leaf ya bei nafuu, mwambie anipigie kabla hajatoa fedha: magari yale betri zake hazipozwi kwa maji, na joto la Dar si rafiki wa betri. Kuna vijistari 12 pembeni ya geji ya chaji vinavyoonesha afya yake. Akikuta vimebaki nane, anunue kitu kingine.

Ukifunga chuo Desemba shuka Dar, ukae kwetu. Nina haibridi moja imeegeshwa nyuma ya gereji, mwenyewe ameiacha kwa sababu aliambiwa betri imekufa na fedha ya kununua mpya hana. Sijaigusa. Tutaifungua pamoja, wewe ukiniongoza kwa uliyoyasoma, na nitanunua glavu jozi mbili. Nitumie saizi ya mkono wako, na jina la chuo ukishalijua, ili ada ya muhula wa kwanza niitume moja kwa moja kwenye akaunti yao.

Bibi anasema ulete ndizi za Meru.

Mjomba wako